Kioo cha Volkano: Kutoka Nyanda za Ngorongoro hadi Vilindi vya Ghuba ya Aden

Kioo cha volkano huzaliwa kwa haraka. Uji wa moto wa miamba, yaani magma, ukipoa taratibu chini ya ardhi, atomu zake hupata wasaa wa kujipanga, na kinachotokea ni mwamba wenye fuwele, kama granaiti ya majabali yanayoonekana kote Usukumani. Uji huohuo ukirushwa angani na kupoa kwa muda mfupi mno, atomu hugandia palepale zilipo, bila mpangilio wowote. Hicho ndicho kioo. Gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani ya magma nayo hutanuka ghafla mlipuko unapoanza. Magma huumuka, hujaa mapovu, kisha mapovu hupasuka. Kuta za mapovu hayo ndizo zinazobaki kuwa vipande vidogo vyenye ncha kali, vingine vimepinda, vingine vina umbo la herufi Y, mahali ambapo mapovu matatu yaliwahi kugusana. Vipande vinavyosafiri mbali huwa na upana usiofika sehemu ya kumi ya milimita. Kwa macho matupu ni vumbi tu. Chini ya hadubini vinang'aa na havina rangi, au vina rangi ya kahawia kwa mbali.

Punje hizo hupatikana katika mashapo ya vilindi vya bahari karibu zote duniani. Meli ya Uingereza HMS Challenger, iliyozunguka bahari kuu kati ya mwaka 1872 na 1876, ilileta matope ya sakafuni kutoka mamia ya vituo, na ripoti ya John Murray na Alphonse Renard iliyotoka mwaka 1891 ilionyesha kwamba mabaki ya volkano yamo hata kwenye matope yaliyo mbali sana na nchi kavu. Njia za kufika huko ni zaidi ya moja. Upepo wa juu hubeba punje laini na kuzidondosha baharini. Mito huzoa majivu yaliyotua milimani. Kisha kuna pumisi, lile jiwe jepesi la kusugulia nyayo, ambalo ni povu la kioo lililoganda zima na lina hewa ya kutosha kuelea. Kisiwa cha Krakatau kule Indonesia kilipolipuka Agosti 1883, pumisi yake ilivuka Bahari ya Hindi ikielea, na mwaka uliofuata ilikuwa ikitupwa na mawimbi kwenye fukwe za Afrika Mashariki. Pumisi ikisafiri hivyo husagika, ikadondosha punje njiani, na ikishajaa maji huzama yenyewe.

Mkoa wa Simiyu hauna bahari, wala volkano. Mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012, wenye wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, umekaa juu ya kraton ya Tanzania, kipande cha bara chenye miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Pamoja na hayo, katika historia ya kioo cha volkano Simiyu ina nafasi ambayo mikoa mingi haina: iko upande unaopelekewa majivu. Mji wa Bariadi na mlima Oldoinyo Lengai viko karibu kwenye latitudo moja, mlima ukiwa mashariki na mji magharibi, umbali wa kilomita zipatazo 200. Kati yao ziko nyanda za juu za Ngorongoro zenye volkano zilizokwisha kuzimika, Olmoti, Lemagarut, Sadiman na Ngorongoro yenyewe, kisha tambarare za Serengeti, kisha Pori la Akiba la Maswa. Sehemu kubwa ya mwaka upepo huvuma kutoka mashariki. Karibu na Bonde la Olduvai kuna tuta la mchanga mweusi, lenye umbo la mwezi mwandamo, ambalo ni majivu ya Lengai yanayosukumwa na upepo huo. Husogea mita kadhaa kila mwaka, na siku zote huelekea magharibi.

Lengai yenyewe ni volkano ya aina yake. Ndiyo pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya natrokabonataiti, lava nyeusi yenye magadi na chokaa badala ya silika nyingi, ambayo baada ya kunyeshewa na mvua hugeuka nyeupe kwa muda mfupi. Milipuko yake mikubwa ya majivu katika karne ya 20 ilikuwa mwaka 1917, 1940 na 1966, na ya karibuni ilianza Septemba 2007 ikaendelea hadi mwaka 2008. Majivu ya milima hii, ya Lengai na ya volkano zilizozimika kabla yake, ndiyo yaliyotandika udongo wa tambarare za Serengeti. Chini ya nyasi fupi za Ndutu, ambako nyumbu huzaa kati ya Januari na Machi, kuna tabaka gumu la chokaa lililotokana na majivu hayo. Mizizi ya miti haipenyi kwa urahisi, ndiyo maana nyasi zimetawala, tena nyasi zenye kalsiamu na fosforasi ya kutosha mnyama anayenyonyesha. Kadiri mtu anavyokwenda magharibi, ndivyo majivu yanavyopungua na miti inavyoongezeka. Akifika Bariadi anakuta udongo wa namna nyingine: luseni ya kichanga juu kwenye miinuko ya granaiti, itogolo katikati, na mbuga nyeusi mabondeni inayopasuka wakati wa kiangazi. Pamba ya Simiyu inalimwa juu ya udongo uliotokana zaidi na miamba ya kale ya kraton.

Kama majivu yameelekea huku kwa mamilioni ya miaka, ingetarajiwa kwamba ardhi ya magharibi mwa Ngorongoro imejaa kioo. Haikujaa, na sababu iko kwenye kioo chenyewe. Kioo si madini yaliyotulia. Kwa sababu atomu zake hazikujipanga, maji huingia ndani yake polepole, huondoa sodiamu na potasiamu, na baada ya muda kinachobaki ni udongo wa mfinyanzi. Kasi ya kuharibika inategemea mambo mawili. La kwanza ni kiasi cha silika: kioo chenye silika nyingi, kama kile cha rayolaiti, huvumilia, na kioo chenye silika kidogo huoza mapema. La pili ni maji yanayokizunguka. Maji ya magadi hukila kioo kwa kasi kubwa.

Kaskazini mwa Tanzania mambo hayo mawili yamekutana kwa ubaya. Volkano nyingi za eneo hilo zilitoa magma yenye silika kidogo na magadi mengi, na majivu yake yakatua ndani au kandokando ya maziwa ya magadi. Bonde la Olduvai, kilomita zipatazo 150 mashariki ya Bariadi, ndipo mahali ambapo uharibifu huo umechunguzwa kwa kina kuliko pengine popote Afrika Mashariki. Mjiolojia Richard Hay, ambaye kitabu chake kuhusu jiolojia ya Olduvai kilitoka mwaka 1976, alionyesha kwamba majivu yaliyoangukia kwenye ziwa la kale la Olduvai yaligeuka zeolaiti, madini meupe yanayokua mahali kioo kilipokuwa. Umbo la kipande wakati mwingine hubaki, lakini kioo chenyewe hakipo tena. Kwa sababu hiyo Lindsay McHenry, aliyefanya kazi ya kuyatambua upya matabaka ya majivu ya Olduvai mwanzoni mwa karne hii, alilazimika kutumia zaidi kemia ya fuwele zilizonusurika, na kioo akakitumia mahali pachache kilipobaki.

Laetoli, upande wa kusini, ilipata bahati nyingine. Miaka milioni 3.66 iliyopita majivu yalianguka, mvua ikanyesha, wanyama na viumbe waliotembea kwa miguu miwili wakapita juu yake, na tabaka likagandamana kabla nyayo hazijafutika. Nyayo za wanyama zilionekana mwaka 1976, na za viumbe wa miguu miwili mwaka 1978, wakati wa utafiti wa mwanaakiolojia Mary Leakey. Kwa mwanahistoria wa binadamu hakuna hazina kubwa kuliko hiyo. Kwa mtafutaji wa kioo, Laetoli haina mengi, kwa kuwa kilichoshikilia nyayo hizo ni chokaa na madini mengine yaliyokua baadaye.

Hapa inafaa kutenganisha kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Umri wa tabaka la majivu hupimwa kwa fuwele, hasa za feldispa, kwa sababu zinashikilia potasiamu na gesi ya agoni inayotokana nayo. Ndivyo ilivyofanyika kwa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lililopatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Mwaka 1961 vipimo vya Jack Evernden na Garniss Curtis vililipa umri wa miaka milioni 1.75, na vipimo vya kisasa vimeusogeza hadi takribani milioni 1.84. Kioo hakifai sana kwa kazi hiyo, maana kinapoteza potasiamu. Kioo kinafaa kwa kazi ya utambulisho. Magma ya kila mlipuko ina mchanganyiko wake wa chuma, kalsiamu, titani na elementi adimu, na mchanganyiko huo hubaki ndani ya kila punje popote inapotua. Punje iliyookotwa nchi kavu na nyingine iliyotolewa chini ya bahari zikilingana katika elementi zote hizo, na matabaka yanayozizunguka yasipopingana, basi zimetoka kwenye mlipuko mmoja.

Je, Ziwa Victoria haliwezi kuchukua nafasi ya bahari kama ghala la punje hizo? Mito ya sehemu kubwa ya Simiyu, ukiwemo mto Simiyu wenyewe, humwaga maji yake Ghuba ya Speke, na upepo wa mashariki hupita juu ya ghuba hiyo. Tatizo ni kwamba Victoria ni ziwa pana lenye kina kifupi, mita 80 hivi panapozidi, na kuelekea mwisho wa enzi ya barafu lilikauka. Lilianza kujaa tena chini ya miaka 15,000 iliyopita. Mashapo yake yamekatika. Majivu ya kale zaidi yamesalia kandokando, kama kwenye kisiwa cha Rusinga na eneo la Karungu upande wa Kenya, ambako matabaka ya volkano za Bonde la Ufa la Kenya yamesaidia kupanga umri wa zana za mawe.

Bahari ya kina kirefu haikauki. Maji ya chini ni baridi, nyuzi chache tu juu ya sifuri, giza ni la kudumu, mawimbi ya juu hayafiki, na mashapo hujengeka sentimita chache kwa kila miaka 1000. Katika hali hiyo kioo cha rayolaiti hukaa mamilioni ya miaka kikiwa bado kioo. Kioo cha basalti, chenye silika kidogo, hakina nguvu hiyo; hata baharini hugeuka palagonaiti, uchafu wa rangi ya manjano na kahawia. Kwa hiyo kumbukumbu ya vilindi nayo ina upendeleo: inahifadhi vizuri milipuko mikubwa yenye silika nyingi, na inasahau mingine.

Kwa Afrika Mashariki, kumbukumbu hiyo ilifunguliwa mwaka 1972. Meli ya uchorongaji Glomar Challenger, iliyopewa jina la ile HMS Challenger, ilifanya kazi katika Ghuba ya Aden na magharibi ya Bahari ya Hindi, na mojawapo ya visima vyake, kilichopewa namba 231, kilichimbwa Ghuba ya Aden mahali penye maji ya kina cha zaidi ya mita 2000. Nguzo ndefu za mashapo zilitolewa, zikakatwa pande mbili kwa urefu na kuhifadhiwa. Baadaye, mwaka 1987, meli ya JOIDES Resolution ilichoronga kwenye mgongo wa Owen, nje ya pwani ya Omani, na visima 721 na 722 vikatoa mashapo yenye punje za aina hiyohiyo.

Kazi ya maabara ni ya subira zaidi kuliko ya ujanja. Sehemu kubwa ya punje hazifanyi mstari unaoonekana; zimetawanyika ndani ya matope ya kijani na kijivu. Sampuli huoshwa na kuchujwa, makombe madogo ya chokaa huyeyushwa kwa asidi hafifu, kisha kilichobaki hutiwa kwenye kimiminika kizito ambamo kioo huelea na madini mengine huzama. Punje hugandishwa ndani ya gundi ngumu, husuguliwa hadi uso uwe laini, ndipo mwale wa elektroni huelekezwa kwenye kila moja. Punje hutoa mionzi ya eksirei, na kila elementi hujulikana kwa mionzi yake. Hupimwa punje nyingi kutoka tabaka moja, kwa kuwa punje moja huenda imetoka mlipuko wa zamani ikachanganyika njiani.

Matokeo makubwa yalihusu tabaka la Tulu Bor. Tabaka hili la majivu liko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya. Mwaka 1982 Frank Brown wa Chuo Kikuu cha Utah alionyesha kwamba kioo chake ni kilekile cha tabaka la Sidi Hakoma kule Hadar, Ethiopia, karibu kilomita 1000 kaskazini. Hadar ndipo mifupa ya Lucy, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, ilipopatikana mwaka 1974, juu ya tabaka hilo. Umri wa Sidi Hakoma ulikuwa unabishaniwa vikali wakati huo. Mwaka 1985 Andrei Sarna-Wojcicki na wenzake, Brown akiwa miongoni mwao, walitangaza kwamba kioo hichohicho kimo katika mashapo ya Ghuba ya Aden. Bahari ilikuwa na saa yake: visukuku vya viumbe wadogo wanaoelea, ambao kila jamii ina muda wake wa kutokea na kutoweka, na kumbukumbu ya kugeuka kwa sumaku ya dunia. Mashapo yaliyokizunguka kioo yakawa shahidi wa tatu, asiyehusika na ugomvi wa Hadar wala wa Turkana. Umri unaokubalika leo ni takribani miaka milioni 3.4.

Thamani ya shahidi wa namna hiyo inaeleweka zaidi kwa kukumbuka mzozo wa tabaka la KBS, pia la Koobi Fora. Vipimo vya kwanza viliipa KBS umri wa miaka milioni 2.6, na fuvu maarufu la ukoo wa binadamu, namba 1470, lililopatikana chini yake mwaka 1972, likaonekana la kale kupita kiasi. Visukuku vya nguruwe wa kale vilikataa kulingana na umri huo. Kemia ya kioo ilipoonyesha kwamba KBS ni tabaka moja na tabaka la H2 la bonde la Omo, ubishi ulianza kwisha, na vipimo vipya vikashusha umri hadi karibu milioni 1.9. Miaka kumi hivi ya malumbano ilitokana na fuwele za kale zilizochanganyika na majivu mapya.

Kazi ya Peter deMenocal na Brown iliyotoka mwaka 1999 iliendeleza uzi huo hadi visima vya Omani. Faida yake ilivuka mipaka ya umri. Mashapo yaleyale yana vumbi lililopeperushwa kutoka Afrika Mashariki na Uarabuni, na wingi wa vumbi hilo huonyesha vipindi vya ukame. Punje za kioo zikiwa ndani ya tope moja na vumbi, na punje za mlipuko huohuo zikiwa chini ya kisukuku huko Turkana, ukame uliosomwa baharini unaweza kuwekwa pembeni ya kisukuku cha nchi kavu bila kukisia.

Karibu kioo chote kilichotambuliwa katika kisima cha Aden kimetoka Ethiopia na kaskazini mwa Bonde la Ufa, si Tanzania. Hilo halishangazi baada ya yaliyosemwa juu ya upepo wa Serengeti na udhaifu wa kioo cha Ngorongoro. Tanzania ina ushahidi wake mzuri wa kioo mahali pengine, katika Ziwa Nyasa. Ziwa hilo lina kina cha mita 700 hivi, na maji yake ya chini hayana oksijeni, kwa hiyo hakuna minyoo ya kuvuruga matabaka. Humo kimo kioo cha mlima Rungwe, ambao miaka 4000 hivi iliyopita ulilipuka kwa nguvu siku ambayo, kwa jinsi majivu yalivyotandazika karibu sawa pande zote, upepo ulikuwa mdogo sana. Kina zaidi ya hapo, karibu mita 28 chini ya sakafu ya ziwa, Christine Lane na wenzake walikuta punje za mlipuko wa Toba wa kisiwa cha Sumatra, uliotokea miaka ipatayo 75,000 iliyopita. Taarifa yao ilitoka mwaka 2013. Punje hizo zilikuwa zimesafiri zaidi ya kilomita 7000 kuelekea magharibi, na kioo cha mlipuko huohuo kimo pia katika mashapo ya Bahari ya Arabu. Waliopima mashapo ya Nyasa juu na chini ya punje hizo hawakuona dalili ya baridi kali iliyokuwa ikidhaniwa kuikumba Afrika Mashariki baada ya Toba.

Mipaka ya njia hii inajulikana. Viumbe wa sakafu ya bahari huchimba na kuchanganya sentimita kadhaa za juu, kwa hiyo mlipuko wa siku moja unaweza kuonekana umeenea katika tope la maelfu ya miaka. Mikondo ya chini huhamisha punje za zamani na kuzitua mahali papya. Volkano mbili zinaweza kutoa magma zinazofanana mno, na mlima mmoja unaweza kutoa milipuko miwili ambayo kemia ya elementi kuu haiwezi kuitenganisha; ndipo elementi adimu zinapohitajika, zinazopimwa kwa mwale wa leza. Na kwa volkano za Ngorongoro, ambazo majivu yake yalielekea Serengeti na Simiyu, utambulisho unaendelea kutegemea fuwele kuliko kioo: fuwele za feldispa, ojaiti na titanomagnetaiti, zilizostahimili maji ya magadi ambayo kioo hakikuyaweza.